Mchanga Ndani ya Kilindo

Asali ikizeeka ndani ya gome la mti hainuki tena kama asali. Inanuka moshi, inanuka nta, inanuka kidogo kama kanga ya mtu mzima iliyokaa sandukuni. Juzi mjukuu wangu alikuwa anafagia chumba cha uani, akatoa kilindo changu akakianika juani bila kuniuliza. Harufu ikanifuata mpaka jikoni. Niliacha mboga motoni nikatoka.

Kwa wasiokijua, kilindo ni chombo cha gome la mti, cha duara kama ngoma, kimeshonwa ubavuni kwa kamba za miti, kina kitako na kifuniko vya gome hilohilo. Sisi watu wa Tabora tulibebea asali humo kabla ya kuletewa ndoo za plastiki. Hiki changu kilikuwa cha Bibi, mama mzaa baba. Niliingiza mkono mpaka chini, nikapapasa pale kitako kinapokutana na ubavu, vidole vikagusa punjepunje. Mchanga. Umegandia kwenye nta miaka yote hiyo.

"Bibi, hiki kichafu," mjukuu akaniambia. "Nikioshe?"

Nikamwambia akiguse aone. Halafu nikakaa kwenye ngazi, nikawa mtoto tena, miguu myembamba na roho juu.

Ngojeni niwaambie. Lakini msinikatize.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio la Arusha, kila shule ina shamba na kila mtoto anakwenda shule na jembe. Tuliishi Kitete, mimi, Baba na Bibi. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza la duka moja mjini. Mama alikuwa ameachana na Baba, ameolewa Kigoma. Mimi, Mwasiti, nilikuwa darasa la nne.

Baba hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema ili msije mkamchukia bure. Lakini alikuwa ameshaamua. Asali ya mwaka ule ikishavunwa, nipelekwe Goweko kwa dada yake, Shangazi Chausiku, aliyekuwa na watoto wadogo, shamba la tumbaku na mikono miwili tu. "Kusoma barua anajua," Baba alisema. "Kuandika jina lake anajua. Mtoto wa kike anataka nini tena?"

Na kwa nini asali? Kwa sababu kwetu mtoto hapelekwi kukaa kwa ndugu mikono mitupu. Anakwenda na kilindo kilichojaa mpaka juu, asije akasimangwa kwamba kaja na mdomo peke yake. Kaka yake Bibi alikuwa na mizinga porini. Basi wenzangu walikuwa wakingoja msimu wa asali kwa kujilamba, mimi nauogopa kama mtu anayengoja sindano. Asali ikifika, kinachofuata ni treni.

Ndipo akaja Mwalimu Perpetua. Alikuwa msichana wa kimisheni, mrefu, mgeni shuleni, anatembea kama mtu aliyechelewa mahali ambapo hata hajaalikwa. Alisikia redioni habari za wanawake wanaokimbia mashindano ya nchi na nchi, watu wazima wanasimama kuwapigia makofi, roho yake haikutulia tena. Akatunga mchezo wa kuigiza wa wanariadha wanawake, tuuoneshe Saba Saba mbele ya wakubwa wa mkoa. Kulikuwa na mrusha mkuki, mruka juu, na mkimbiaji. Mkimbiaji ndiye mwenye mchezo. Anaongoza mbio, anaanguka katikati ya njia, watu wanamcheka, anainuka, anamaliza, kisha anasimama na kutoa hotuba. Mwalimu alisema huyo mkimbiaji ni nchi yetu yenyewe. Mimi nchi sikuijua. Nilimjua mkimbiaji tu, nikamtaka.

Wazee wengine walinung'unika, mabinti wa watu wakimbizwe hadharani? Mwalimu akasema tutakimbia na magauni yetu ya shule, yaliyofunika magoti. Kwisha.

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu akasimama mbele ya mstari. "Atakayechaguliwa kuwa mkimbiaji," akasema, "tutazunguka naye vijiji vya ujamaa, mwaka huu na mwaka ujao. Kwa huyo nitakwenda mwenyewe nyumbani kwao, nizungumze na wazazi wake, asije akaondolewa shuleni."

Alikuwa anatazama bendera, hakunitazama mimi. Lakini nilisikia kana kwamba ameniita kwa jina.

Jioni nilimweleza Bibi tulipokuwa tunachambua mchele. Bibi alikuwa mtu mkavu. Mama yake alitembea na misafara ya zamani, ile ya pembe na vitambaa, iliyotoka kwetu mpaka pwani na kurudi. Alibeba vyungu na unga nyuma ya mumewe. Kwa mama huyo Bibi alirithi vitu viwili, shingo iliyonyooka na msemo mmoja: "Anayebeba haangushi. Akiangusha, ameamua." Kwa msemo huo alitulea. Ukianza kutembea vizuri tu unawekewa ngata kichwani, juu yake kibuyu, baadaye ndoo. Tone likimwagika, unarudi kisimani. Ukijikwaa, mguu lazima utafute wenyewe pa kukanyaga, kichwa kisipate habari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu Mkuu atakuja. Atapewa kiti, atapewa chai, atasema maneno mazuri, ataondoka. Baba yako atabaki."

"Basi mwambie wewe, Bibi."

"Nakula kwa nani?" Akaokota jiwe kwenye mchele, akalirusha nje. "Mama mzee anayekaa kwa mwanawe hasemi sitaki. Akisema, atasikilizwa mara moja. Mara ya pili ataambiwa amezeeka."

Nilimwona hana huruma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikajisemea, maana methali hiyo tulikuwa tumeisoma wiki ileile na nilikuwa naitafutia pa kuitumia.

Mchujo ulifanyika kiwanjani, kando ya shimo la mchanga ambamo wavulana walirukia michezo ya kuruka mbali. Walianza wasichana wengi. Tulikimbizwa, wengine wakachujwa. Tukasemeshwa hotuba, wengine wakasahau maneno, wengine wakalia. Mimi sauti ilitetemeka lakini ilifika mwisho. Tukabaki wawili, mimi na Sikudhani.

Sikudhani alikuwa binti wa muoka mikate, shoga yangu tangu darasa la kwanza. Tulikuwa tukigawana kila kitu mpaka chawa. Wiki ile tulikuwa hatusalimiani.

"Sasa nionesheni kuanguka," Mwalimu Perpetua akasema.

Sikudhani alikwenda chini kama gunia la mpunga linalotupwa kutoka kwenye lori. Vumbi likaruka. Mwalimu akashika kifua. Kisha Sikudhani akainuka kidogo kidogo, anachechemea, uso umekunjamana, akamaliza. Watoto wakapiga makofi mpaka wapishi wa uji wakatoka kutazama.

Zamu yangu. Nikakimbia. Nilipofika pa kuangukia nikakunja goti, na mguu wa pili ukaja wenyewe kulidaka. Mwalimu akasema rudia. Nikarudia, nikajikwaa kwa makusudi, mwili ukakataa tena. Shingo ilisimama pale juu kama mlingoti. Mara ya tatu nikaamua liwalo na liwe, nikashuka mkono kwanza, halafu paja, halafu ubavu.

"Mwasiti! Unaanguka au unatandika mkeka?"

"Mwalimu, mleteeni na mto!"

Watoto walicheka mpaka wakashikana. Sikudhani hakucheka, akatazama pembeni, na hilo liliniuma zaidi.

Mwalimu Perpetua alikuja akachutama mbele yangu. "Unakimbia kuwashinda wote," akasema polepole. "Lakini unakimbia kama una ndoo kichwani. Mkimbiaji wetu anaanguka, Mwasiti. Asipoanguka hakuna mchezo. Nakupa mpaka Ijumaa."

Tangu siku hiyo nikawa najiangusha uani. Asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya maji. Viwiko vilichubuka, mbigili zikaingia magotini, kuku wakahama upande ule wa nyumba. Bado kila nilipokuwa naelekea chini kuna kitu ndani kilinidaka. Bibi akatoka na ungo wake, akasimama mlangoni.

"Una degedege?"

"Najifunza kuanguka, Bibi."

"Kuanguka kunafunzwa?"

"Mwalimu kasema nisipoanguka ananitoa."

"Makubwa! Sisi tulipigwa kwa kuanguka. Nyie mnafukuzwa kwa kutoanguka." Akabaki ananitazama. Nikajiangusha tena, nikatua kwa miguu. "Huko shule mnaangukia wapi? Kwenye mchanga?"

"Hapana, Bibi. Mchanga upo kando. Sisi tunaangukia kwenye udongo mgumu."

Akaguna, akaingia ndani na ungo wake. Nikajua ananidharau.

Alhamisi asali ikaja. Kaka yake Bibi aliileta kwa baiskeli, madebe yamefunikwa majani. Bibi aliimimina ndani ya kilindo taratibu, ule uzi mnene wa rangi ya chai unashuka bila kukatika, nyumba nzima ikajaa harufu ya maua na moshi. Baba alikuwa na furaha. Akachovya kidole akanipa nilambe, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Niliilamba, nikafuta mdomo kwa kiganja.

"Jumamosi treni," Baba akasema. "Simama nikuone." Akanitolea gauni alilonishonea la safari, la buluu. "Nimekutilia mifuko miwili. Mmoja wa leso, mmoja wa chochote utakachopenda."

Nilimwambia ahsante. Ningefanya nini? Mtu anapokuondoa kwa ukali, unaweza kumchukia ukapumzika. Baba aliniondoa na mifuko miwili.

Bibi alikaza kifuniko, akakifunga kwa kamba, akasema kesho atatangulia kukipeleka stesheni, kwa mtu anayemfahamu pale kwenye mizigo, ili Jumamosi tusihangaike nacho. Baba akasema vema.

Ijumaa sikula. Masomo ya asubuhi yalipita kama yanafundishwa nyumba ya jirani. Ilipofika saa ya kutoka nje, shule nzima ikazunguka kiwanja. Mwalimu Mkuu alikuwa ameletewa kiti, amekaa na fimbo yake magotini. Jua lilikuwa kali, ardhi inametameta, na mimi mikono baridi kama nimetoka kufua.

Sikudhani alianza. Aliboresha, jamani. Safari hii alianguka akabingirika, akainuka ana vumbi mpaka kwenye nyusi, akamaliza mbio kwa mguu mmoja. Mwalimu Mkuu mwenyewe alipiga makofi.

"Mwasiti," Mwalimu Perpetua akaita.

Nikaanza mbio. Nasikia miguu yangu, nasikia pumzi, nasikia mtu akisema, "Tandika mkeka, mama!" Najiambia anguka, anguka, na shingo inajibu haiwezekani. Pale pa kuangukia panakuja. Nikainua macho.

Ng'ambo ya kiwanja, kando ya shimo la mchanga, Bibi alikuwa amesimama. Mkono mmoja kiunoni, kilindo kichwani, shingo wima, haonekani hata kupumua.

Sikumtazama yeye. Nilitazama kilindo. Nilikiona kimejaa mpaka juu, kimefungwa kamba, kinakwenda stesheni, nami nyuma yake. Magoti yakaondoka. Hayakukunjwa na mimi, yaliondoka tu, kama mtu amevuta mkeka chini yangu. Ardhi ikaja juu, ikanipiga kidevu, nikauma ulimi, mdomo ukajaa ladha ya damu na vumbi.

Hakuna aliyecheka. Nilijua nimeweza. Nilijua kilichobaki ni jambo dogo kabisa, kuinuka. Nikaweka kiganja chini.

"Yalaaa! Mwanangu!"

Nikasikia kishindo kizito, pu! Nikageuza uso. Bibi, mtu ambaye sijawahi kumwona akikitangulia hata kivuli chake, alikuwa anakimbia. Kanga ameikwida kwa mkono mmoja, miguu myembamba inakata kiwanja, watoto wanampisha kama wanampisha ng'ombe aliyekata kamba. Alinifikia, akapiga magoti, akanikandamiza bega.

"Bibi, niache niinuke!"

"Tulia. Umeumia."

"Sijaumia! Ni mchezo!"

"Nimesema tulia!"

Mkono wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilijinyonga chini yake, nikapiga miguu, wapi. Mwalimu Perpetua akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Ni maigizo tu, mama, mtoto hana neno."

"Marahaba," Bibi akajibu, maana hata kwenye moto angeitikia salamu kwanza. "Maigizo gani haya ya damu? Nani kakufundisha kuwaangusha watoto wa watu? Mwone mdomo! Mwone!"

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaondoka kwenye kiti. Ndipo mtoto mmoja akapiga kelele, "Asali!"

Kilindo kilikuwa ndani ya shimo la mchanga, kimelala ubavu, kifuniko kimefunguka. Asali inatoka polepole, haina haraka na mtu, inaingia mchangani. Shule nzima ikahamia huko. Wanalamba vidole, wanalamba mchanga, wanatema, wanachota tena. Sikudhani naye alikuwemo, mashavu yamejaa, vumbi la ushindi bado liko kwenye nyusi. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nililala pale chini ya mkono wa bibi yangu, nikalia kwa sauti.

Nafasi alipewa Sikudhani.

"Umeanguka kuwazidi wote," Mwalimu Perpetua aliniambia. "Lakini hukuinuka."

"Bibi alinishika, Mwalimu!"

"Niliona." Akageuka kumtazama Bibi, ambaye alikuwa ameokota kilindo chake, amekikung'uta, amekirudisha kichwani kitupu, anaondoka zake na shingo ileile. Alimtazama kwa muda mrefu.

Jioni nilikaa nyuma ya mlango kungoja Baba arudi. Nafasi imekwenda, treni ni kesho, na asali ya heshima imemwagika. Nilidhani kipigo kitaanzia kwa Bibi kisha kinifikie mimi.

Bibi aliweka kilindo mbele ya Baba. "Asali imemwagika," akasema.

Baba alikuwa ameshasikia. Tabora ya wakati ule habari ilitangulia mtu. "Mayu," akasema, maana walipokuwa wawili alimwita mama yake kwa Kinyamwezi, "wewe? Wewe umeangusha?"

"Mtoto alianguka, nikashtuka. Shule nzima imeona. Mwalimu Mkuu ameona."

Mguu wa kulia wa Baba ulikuwa unapanda na kushuka kana kwamba cherehani iko chini yake. "Nitanunua nyingine sokoni."

"Nunua," Bibi akasema. "Chausiku ataonja, atajua ina maji ya sukari. Wakwe zake wataonja, watajua. Watasema binti yako kaletwa kama yatima. Lakini nunua."

Mguu wa Baba ukasimama.

"Basi asubiri msimu mwingine," akasema.

"Wewe ndiye baba," Bibi akajibu, akaenda kusonga ugali.

Mtadhani niliruka kwa furaha. Hapana. Mtoto anatazama tunda alilolikazia macho, la jirani halioni. Mimi nilikuwa nalilia mkimbiaji. Bibi nilimnunia, namwamkia shikamoo kwa ncha ya ulimi, naye ananiitikia marahaba kama hakuna kilichotokea. Na shuleni nyuki walihamia kwenye lile shimo. Wavulana hawakuruka tena mpaka mvua zilipokuja kuosha mchanga, na kila aliyeumwa na nyuki alinitaja mimi.

Siku chache baadaye Mwalimu Perpetua akaniita. Alikuwa ameongeza mtu kwenye mchezo. Mkimbiaji akishaanguka na watu wakimcheka, anatokea bibi kizee katikati ya watazamaji, ana mzigo kichwani. Anautupa mzigo, anakimbia kwenda kwa mkimbiaji. "Nataka mtu anayejua kubeba," akasema. "Sina mwingine."

Basi Saba Saba mimi ndiye niliyekuwa kizee. Nilijifunga kanga mbili, nikajipaka majivu nyweleni, nikabeba kilindo kile kile ambacho Bibi alikubali kuniazima baada ya kunitisha sana. Sikudhani alianguka. Watu wakacheka kama walivyoambiwa wacheke. Nikakiachia kilindo, nikakimbia. Kicheko kikakatika. Kina mama waliokuwa mbele wakasimama, mmoja akajifuta macho kwa upande wa kanga, na nilipomshika Sikudhani mkono akanong'ona, "Usinikandamize bwana, mimi nainuka." Tukacheka chini chini, uhasama ukafia pale. Akainuka, akamaliza mbio, wakubwa wakapiga makofi.

Tulirudi nyumbani mimi na Bibi kwa miguu. Nilikuwa nangoja sifa. Kidogo tu, hata ya kuguna. Bibi alikuwa anakizungusha kilindo mikononi, anakagua mshono.

"Umekitupa kwenye mawe," akasema. "Kitapasuka. Kabla ya kuachia unatazama kwanza pa kutupia."

Nilikasirika mno. Nikatembea mbele yake mpaka nyumbani.

Nilimaliza la nne, nikaingia la tano. Huko ndiko nilikojifunza kuandika maneno marefu, nukta na mkato, habari yenye mwanzo na mwisho. Hizi herufi mnazosoma ni za mwaka ule. Msimu uliofuata asali ilijaa, na safari hii hakuna aliyeanguka. Nikaenda Goweko na kilindo kimejaa, nimevaa gauni langu la mifuko miwili, fupi sasa. Shangazi Chausiku alionja mbele ya wakwe zake, akafumba macho. Sikusimangwa hata siku moja. Shule nayo sikuiona tena. Silalamiki. Kijijini pale nilikuwa mtu wa kusomea wenzangu barua, na kuwaandikia majibu, na wengine walinijengea heshima kwa hilo tu.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Nilikuwa tayari mke wa mtu, nimejifungua mara mbili, natoka kisimani na mtungi, nikakanyaga jiwe lililolegea. Mtungi ukaanguka. Mara ya kwanza maishani mwangu, na ya mwisho mpaka leo. Ulianguka kisigino changu kilipokuwa, ukanilowesha mgongo, vigae vikanikata mguu. Nikasimama pale njiani nimelowa chapachapa, nikautazama. Mzigo unaokuponyoka ndivyo unavyoanguka. Hauendi mbali nawe. Hauchagui mahali.

Kilindo cha Bibi kilikuwa katikati ya shimo la mchanga. Gome halikuwa na hata ufa. Na yeye alikuwa amenikuta uani najiangusha, akaniuliza tunaangukia wapi. Na kutoka Kitete kwenda stesheni, mniulize mimi niliyezaliwa pale, hakuna njia inayopita shuleni kwetu.

Nilicheka peke yangu njiani kama mwendawazimu. Kisha nikakaa chini.

Kwa muda mrefu kilichonisumbua ni ule mkono. Asali nimeielewa, lakini kwa nini asiniachie niinuke? Nafasi ilikuwa yangu, nimeishika kwa kiganja. Bibi alikuwa amekwishazikwa, na hata angekuwa hai angeniambia nimezeeka. Jibu nimelipata mwenyewe, taratibu, kwa kulea. Mwalimu Mkuu angekuja, angepewa kiti na chai, angeondoka. Baba angebaki, na asali ingebaki imejaa. Na hakuna baba anayesamehe asali iliyomwagwa kwa ajili ya mtoto aliyeinuka mwenyewe. Ilibidi nibaki chini mpaka tone la mwisho liingie mchangani.

Alikuwa na neno moja tu la kumwambia mwanawe, na alijua litasikilizwa mara moja tu. Hakulisema kwa mdomo.

Mjukuu wangu alikuwa bado amesimama na ndoo ya maji. "Bibi, nikioshe au nisikioshe?"

Nikamwambia kirudishe chumbani. Akakikumbatia kwa mikono miwili kifuani, kama mtu anayebeba mto.

"Kichwani," nikamwambia. "Shingo wima. Na usikiangushe mpaka uwe umeamua."